Bei ya Kuwaambia Watu wa Kodi

"Usitie saini!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na tangu siku hiyo sijapata raha. Muuza nazi mmoja wa Darajani amegoma kuniuzia mpaka nimwambie nani aliyesimama mlangoni kwa wakili. Bibi mmoja wa Makunduchi kapiga simu gazetini kusema anajua, ni marehemu baba yake Abdulla, amerudi kuzuia nyumba yake isiuzwe. Bibi yangu, hii si hadithi ya mizuka. Hii ni hadithi ya kodi, na watu wanaiogopa zaidi.

Aliyesimama mlangoni ni Mansour. Ndiyo, mnunuzi mwenyewe!

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, nakukumbusha. Abdulla Kheir, mwenye duka la vitambaa, anauza nyumba ya urithi mtaa wa Kiponda. Baba yao aliwaachia wawili: Abdulla ana mafungu mawili, na fungu moja ni la dada yake mkubwa, Bi Thuwaiba, anayekaa ghorofa ya kati akishona kofia; Abdulla mwenyewe anakaa ya juu. Nyumba haijawahi kugawiwa. Abdulla anamuuzia mafungu yake Mansour, tajiri anayetaka kufungua hoteli, kwa shilingi milioni mia tatu. Bi Thuwaiba hajui lolote. Na kwenye hati, kwa ushauri wa dalali Masoud, imeandikwa milioni thelathini.

Thelathini! Sifuri moja imeanguka njiani na Abdulla hakuinama kuiokota.

"Usitie saini," alirudia Mansour huku akihema. Ngazi za wakili ni nyingi na tumbo lake si dogo. "Mhasibu wangu kanipigia simu sasa hivi. Anasema bei hii itaniua."

"Itakuua vipi na wewe ndiye unayenunua?" aliuliza Abdulla.

"Siku nikija kuuza, bwana! Watanambia nlinunua kwa thelathini, nimeuza kwa mia nne, faida yote hiyo itiwe kodi. Andika mia tatu. Andika kweli."

Abdulla alishika kifua. Neno "kweli" lilimkaa pale pale panapomkaa kiungulia.

"Mansour ndugu yangu, ukiandika mia tatu basi n'takufa mie, tena leo. Kodi ya faida, ada ya uhaulishaji, ada ya hiki, ada ya kile. Nyumba kajenga baba'angu! Wao walibeba jiwe gani?"

Abdulla si mwizi, tuelewane. Hajawahi kuchukua cha mtu. Yeye tatizo lake ni kutoa tu. Ukimwomba chumvi anakuuliza ya kazi gani.

Hapo ndipo dalali Masoud alipojipenyeza katikati yao. Masoud mnamjua. Huyu ndiye anayeomba punguzo hata kwenye kikombe cha kahawa. Husemwa kwamba siku aliyooa aliomba punguzo la mahari mbele ya wazee, akapewa.

"Mabwana, hapa hapana ugomvi," alisema kwa sauti ya asali. "Ushuru wa stempu ni wako, Mansour, sivyo? Basi Abdulla atakulipia. Wewe kubali thelathini. Siku ukiuza, na wewe mwambie mnunuzi wako aandike kidogo. Mji wetu mmoja, tunasaidiana."

"Na udalali wako?" aliuliza wakili, Bi Nasima, bila kuinua macho. "Utauhesabu kwenye thelathini?"

"Astaghfirullah! Udalali ni kwenye bei ya kweli. Mie si mtu wa udanganyifu."

Mansour akafikiri. Kupunguziwa leo kulimpendeza kuliko kuumia kesho. Akachukua kalamu, akatia saini. Abdulla akatia yake. Bi Nasima akagonga muhuri na kusema, "Mie nimeandika mlichonambia. Mengine sikuyasikia, nlikuwa natafuta miwani yangu." Miwani ilikuwa usoni.

Thelathini zikapita benki kwa heshima zote. Zilizobaki, milioni mia mbili na sabini, zilikuja taslimu ndani ya mabegi, na hapo Abdulla akagundua jambo ambalo wakwepa kodi wote hugundua wakiwa wameshachelewa. Fedha isiyotajwa haina pa kukaa. Benki watauliza imetoka wapi. Dukani kuna panya. Nyumbani kuna Bi Thuwaiba, anayefagia mpaka chini ya makabati.

"Kwangu nna kasha la chuma la marehemu babu," alisema Masoud. "Weka amana."

"Tuandikiane?"

"Tuandikiane nini, Abdulla? Karatasi ndiyo inayowaleta watu wa kodi."

Maneno ya busara, au siyo? Abdulla aliona ni ya busara. Akamkabidhi mabegi, akarudi dukani mikono mitupu na roho nyeupe.

Siku ya kulipa kodi alivaa kanzu yake iliyotoboka. Alipokewa na ofisa kijana aitwaye Simai, mwenye adabu nyingi na macho yasiyopepesa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumba ya ghorofa tatu, Kiponda, mafungu mawili kati ya matatu. Kwa milioni thelathini?"

"Ungeiona ungelia. Paa linavuja. Ngazi zimeliwa na mchwa. Popo wanakaa bila ya kodi."

"Mzee, juzi kuna banda la choo limeuzwa Shangani kwa zaidi ya hapo."

"Basi choo hicho kitakuwa hakivuji."

Simai hakucheka. Alipokea malipo madogo ya Abdulla, akamrudishia risiti, kisha akasema polepole, "Sawa mzee wangu. Lakini bei hii n'tapita mtaani kuiulizia. Kuna anayeijua?"

"Mji mzima unaijua!"

Hakuna mtu mji mzima aliyekuwa anaijua. Kwa hiyo Abdulla alitoka pale na kazi moja tu: kuhakikisha kabla ya alasiri kila mtu anaijua.

Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Jaku muuza kahawa. Akakaa, akavua kofia, akaiweka magotini kama mfiwa.

"Kheri, Abdulla?" aliuliza Jaku.

"Kheri iko wapi? Nimeuza mafungu yangu ya nyumba ya baba. Thelathini tu. Wamenionea, Jaku. Thelathini!"

Baraza likaanza kulaani matajiri, mahoteli, na zama hizi kwa jumla. Jaku akamsamehe bei ya kahawa. Mzee mmoja akazungusha kofia, watu wakamchangia Abdulla chochote. Na Abdulla, mtu mwenye milioni mia mbili na sabini kwenye kasha la chuma, akapokea.

Alikwenda baraza la pili, akalia tena. La tatu alilia vizuri zaidi, kwa sababu alishazoea.

Lakini ninyi mnaujua Mji Mkongwe. Vichochoro ni vyembamba, habari hazina pa kupotelea. Abdulla alipofika nyumbani habari ilishafika kabla yake, imepanda ngazi, imekaa kitako. Ililetwa na jirani, Biasha, ambaye hata maji hayachemki mtaani bila ya yeye kujua.

Bi Thuwaiba alikuwa amesimama juu ya ngazi, kofia isiyokwisha mkono mmoja, sindano mkono wa pili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeuza nyumba ya baba?"

"Mafungu yangu tu, dada. Lako lipo pale pale."

"Pale pale wapi, Abdulla? Katikati ya hoteli? Wazungu wapite na mabegi yao juu, wapite chini, na mie niko baina yao na sindano yangu?" Akanyoosha sindano kwenye mlango wa nyuma yake. "Mama kafia chumba hiki. Mie nimezaliwa humu, nimeolewa humu, nimerudi ujane humu. Hukuweza hata kunambia?"

Abdulla alitazama ngazi. Zilikuwa nzima kabisa, hazina hata mchwa mmoja.

"Kwa ngapi?" aliuliza Bi Thuwaiba.

Hapa, msomaji wangu, mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema mia tatu, hadithi ingekwisha leo na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini Abdulla alimkumbuka Simai. Dada yake hajui kusema uongo, hajapata kujifunza. Simai akipita na kumwuliza, atajibiwa kweli tupu.

"Thelathini, dada."

"Mafungu mawili, thelathini tu?"

"Thelathini. Kamuulize Jaku."

Hakukuwa na haja ya kwenda mbali. Jaku alikuwa chini ya ngazi, amekuja kumpa pole mwenye msiba. Biasha naye alikuwa nyuma ya mlango, mahali pake pa kawaida.

Bi Thuwaiba aliichomeka sindano kwenye kofia. Akajifunga ushungi vizuri.

"Jaku. Biasha. Shuhudieni nyote wawili. Mdogo wangu keshasema kauza kwa thelathini. Nyumba hatujagawana, na mie mshirika ndani yake. Nnaishika haki yangu ya shufaa, hapa hapa nnaposikia. Mafungu ya ndugu yangu nnayanunua mie, kwa bei hiyo hiyo."

Shufaa! Kwa wale waliokuwa wakisinzia madrasa: mkishirikiana nyumba isiyogawiwa, mwenzako akauza fungu lake kwa mtu wa nje, sheria ya dini inakupa wewe haki ya kulichukua kwa bei ile ile aliyouziwa mgeni, ukiidai pale pale unaposikia. Abdulla hukaa safu ya mbele kila Ijumaa. Haki zote zinazompa anazijua kwa ghibu. Hii inayomnyang'anya ndiyo iliyompotea.

"Dada, wewe thelathini utazitoa wapi?"

"Dhahabu zangu nimezivaa siku ya harusi tu. Nazo zimechoka kukaa. Zitakazopungua atanitilia mwanangu Rahila kutoka Maskati."

Abdulla alikaa kwenye ngazi. Nyumba ya mia tatu ilikuwa inachukuliwa kwa thelathini, na mwenye kupanga bei ni yeye mwenyewe.

Wiki haikwisha wakaitwa kwa kadhi.

Chumba kilijaa. Mbele alikaa Sheikh Msabah, kadhi mzee asiye na haraka, anayefuta miwani yake kila anaposikia uongo, na siku hiyo miwani ilikuwa inang'ara. Kulia Bi Thuwaiba, na Biasha ubavuni kwake. Kushoto Abdulla, na Mansour amevimba kwa hasira.

Jaku alishahojiwa. Baraza zote tatu zilishahojiwa. Mzee wa kuzungusha kofia alikuja na kofia yenyewe.

"Mansour," alisema kadhi. "Ulinunua kwa kiasi gani?"

"Thelathini, sheikh. Yaani mia tatu. Yaani, imeandikwa thelathini."

Kadhi alifuta miwani.

"Abdulla. Weka mkono juu ya msahafu, uape, useme bei."

Msahafu uliletwa, ukawekwa mezani.

"Sheikh, naomba nimwambie neno," alisema Bi Thuwaiba, na hakumtazama kadhi, alimtazama mdogo wake. "Abdulla, mie nnaitaka nyumba. Nnaitaka kwa roho yangu yote. Lakini usije ukaapa uongo kwa ajili yake. Baba hakutusomesha msahafu huo kwa kazi hiyo. Kama bei ni nyingine, sema, mie n'taondoka na kofia zangu."

Abdulla aliutazama msahafu. Sitaki kumdhulumu mtu huyu. Huenda dada yake alimgusa. Lakini nimeishi naye tangu sura ya kwanza, na nilimwona anapiga hesabu.

Akisema thelathini, dada anachukua nyumba, na Mansour anadai zake zote zilizobaki. Akisema mia tatu, dada hana uwezo, Mansour anabaki na nyumba, na Abdulla anabaki na kasha lake. Ajabu ya Mungu! Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kweli ilikuwa na faida.

Akaweka mkono juu ya msahafu. Sauti yake ilijaa uchamungu.

"Wallahi, billahi, watallahi. Niliuza kwa milioni mia tatu."

Bi Thuwaiba alijifunika uso kwa ushungi. Biasha akamshika bega. Mansour akashusha pumzi ndefu. Na kwenye benchi la nyuma, la wanaosubiri kesi zao, mtu mmoja akasimama.

"Samahani sheikh. Naomba mzee arudie. Huku nyuma hatukusikia vizuri."

Simai! Ofisa wa kodi! Hakuja kwa ajili ya Abdulla, jamani. Alikuwa ameitwa na mkewe, kuhusu mshahara anaoupokea kazini na ule anaoutaja nyumbani. Mkewe alimvuta shati akae. Hakukaa.

"Mia tatu, mzee? Ndiyo nlivyosikia?"

Abdulla alimtazama kadhi. "Sheikh, huyu ana haki gani ya kusikia?"

"Masikio yake ni yake. Mambo ya kodi si ya meza hii. Ya meza hii hayajesha." Sheikh Msabah alivaa miwani. "Dada yako alipokuuliza bei, ulimwambia kiasi gani?"

"Thelathini."

"Barazani ulisema?"

"Thelathini."

"Wewe Mansour, hati uliyotia saini inasema?"

"Thelathini, sheikh, lakini kila mtu anajua—"

"Mimi sikai hapa kwa kinachojulikana na kila mtu. Mtu hushikwa kwa ulimi wake. Mlikiri thelathini kwa mikono yenu na vinywa vyenu, mwenye haki akaidai pale pale kwa bei hiyo mbele ya mashahidi. Leo imewageukia, mnataka kuipandisha? Haipandi. Bi Thuwaiba atampa Mansour thelathini na kuchukua mafungu. Mansour atadai kilichobaki kwa Abdulla. Na Abdulla, kwa kuwa amesema kweli, namwombea Mungu amlipe, kwa sababu hapa sina cha kumlipa."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alinong'ona Biasha, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka Malindi.

Bi Thuwaiba aliondoa ushungi usoni. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Nyumba ilikuwa yake, kutoka mlango wa chini mpaka darini kwenye popo, kama popo wapo.

Nje, Mansour alimshika Abdulla ukosi wa kanzu.

"Mia mbili na sabini zangu. Leo, kabla ya Magharibi. La sivyo utanijua."

"Utazipata! Zote! Sijagusa hata moja."

Na hiyo ilikuwa kweli, kwani kweli ilishamzoea siku hiyo. Abdulla alijipa moyo. Atazirudisha, atabaki na zile thelathini alizozisema, atoe za kodi na faini, aishi. Mungu si Athumani. Alitoa simu akampigia Masoud.

Simu imezimwa.

Akapiga tena. Imezimwa. Simai alikuwa ametoka naye, amesimama pembeni kwa adabu akisubiri zamu yake.

Bi Thuwaiba alimkuta ndugu yake ameegemea ukuta, simu bado sikioni. Hasira zote zilimtoka. Ni yeye aliyembeba Abdulla mgongoni alipokuwa mchanga.

"Twende nyumbani, Abdulla. Nimeacha mchuzi wa samaki. Juu utaendelea kukaa, nani atakutoa? Kodi yangu n'takutoza kidogo kidogo."

"Nimpate kwanza Masoud, dada. Fedha zote nimeweka kwake."

"Masoud yupi? Dalali?"

"Yeye. Amana. Hatukuandikiana."

Bi Thuwaiba alisimama. Uso ulimbadilika.

"Jana alasiri kaja kwangu kununua kofia mbili. Anasema za safari."

"Safari ya wapi?"

"Hakusema." Alimshika mdogo wake mkono, akaubana sana. "Abdulla, nimemtajia bei, kaitoa pale pale. Hakuomba punguzo."